Pikapu ya kilomita chache na muuzaji wa maneno makali

Sikutarajia kwamba siku moja ningeambiwa, hapa hapa Mombasa, kuwa pikapu si ya kubebea mizigo. Niliambiwa hivyo miezi kadhaa iliyopita katika yadi moja ya magari upande wa Changamwe, nilipokwenda kuitazama Datsun 1200 ambayo muuzaji aliitangaza kuwa imetembea kilomita 41,000 tu tangu itoke kiwandani.

Bei ilinishtua, ingawa sababu yake naielewa. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka 8, kwa hiyo pikapu hizi za zamani haziongezeki, na wenye fedha sasa wanazigombania kwa ajili ya kabureta na injini ambayo fundi yeyote wa jua kali huifungua kwa spana chache. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni mita, ambayo ina tarakimu tano za kilomita, maana yake ikipita 99,999 hurudi kwenye sufuri na kuanza upya, hivyo 41,000 hizo zaweza kuwa 141,000. Nao mpira wa pedeli ya klachi ulikuwa umelika hadi chuma kikaonekana. Nikaomba, kwa adabu, niinue zulia niitazame sakafu, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani haina huruma na bati.

"Mzee, usiiguseguse," kijana akanijibu, macho yake yakiwa kwenye simu. "Hii ni gari ya watu wanaojua. Kama wataka ya kubebea makuti, tuktuk ziko barabarani."

Makuti! Mimi niliendesha pikapu za aina hii kabla yeye hajazaliwa. Hakuniamkia, hakunionyesha kitabu cha gari, wala hakuwa na risiti hata moja ya matengenezo, na tangu hapo hata ile rangi inayong'aa nikaiona ni ya kuficha jambo.

Kwa hiyo nasema msiende. Au tuseme, mwenye kwenda aende na fundi wake, na sumaku mfukoni, kwani palipojazwa pati, ule udongo wa kuzibia bati lililooza, sumaku haishiki. Nasema hivyo kwa sababu, na hili linaniuma kulikiri, ilipowashwa kwa ajili ya mteja mwingine injini iliitika mara moja, ikatulia bila moshi na bila kugonga, na injini iliyochoka haiwaki vile. Huenda mita ilisema kweli. Wakipunguza bei kidogo ningeinunua, mradi fedha zangu asizipokee yule kijana.