Ndoo ya lita 20 ya kutagia kinyonga: nyota nne
Jamani wenye vinyonga wa kufuga, kwanza muwe na kibali cha KWS (shirika la wanyamapori Kenya) ndio tuongee. Hii ndoo nimeitoa duka la plastiki hapa Malindi mjini, si zile laini za kuchotea maji, hii ngumu haibonyei hata ukiijaza mchanga, na urefu wake ndio wenyewe manake jike anataka kina kama sentimita 30 hivi achimbe mpaka aridhike. Muuzaji kaniuliza ya nini, nikamwambia kinyonga anataka kutaga, akarudisha mkono mbio kama nimemtajia jini, lakini bei kapunguza haha.

Mchanga tieni wa mto, wa ufuoni una chumvi achaneni nao. Uwe na unyevu, ukiufinya ushikamane bila kutoa maji, la sivyo shimo linamporomokea. Wangu alikuwa hali chakula, anazurura chini tu huku na kule, kumtia ndani akaanza kuchimba, nikazungushia leso asituone, maana ukimchungulia-chungulia anaacha na mayai yakimkwama tumboni anaweza kufa. Alipomaliza akalifukia shimo vizuriii utadhani hapajaguswa. Akitoka mpe maji ya kutosha na wadudu waliopakwa unga wa kalsiamu. Na hata bila dume anaweza kutaga, msishangae, ila hayo hayaanguliwi.

Kasoro: mfuniko umebana vibaya, kucha zinauma, na kuta zinateleza hawezi kupanda, nimemuegemezea kijiti cha mwarobaini ndio akatoka.