Nani Aamue kwa Mtoto Mchanga Mahututi: Marekani na Ufaransa

Nchini Marekani, mtoto njiti aliyezaliwa katika wiki ya 23 ya ujauzito anapokuwa hawezi kupumua bila mashine, kwa kawaida wazazi ndio wanaoombwa ridhaa ya kuendelea na tiba au kuisitisha, ingawa sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 iliweka mipaka kwa kuzuia watoto wenye ulemavu wasinyimwe tiba wanayoihitaji. Nchini Ufaransa, chini ya sheria ya Leonetti ya mwaka 2005, inayohusu haki za wagonjwa na mwisho wa maisha, madaktari hushauriana kikaoni na kupokea maoni ya wazazi, kisha daktari anayemtibu mtoto ndiye anayebeba uamuzi.

Njia ya Marekani humpa mzazi heshima anayostahili, lakini humtwisha mzigo mzito: mama aliyejifungua jana kwa upasuaji anatakiwa kupima athari za damu iliyovujia kwenye ubongo wa mwanawe, naye ataishi na jibu alilolitoa. Njia ya Ufaransa humpunguzia mzigo huo, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, daktari siye atakayemlea mtoto huyo nyumbani. Mimi ningechagua kikao cha Ufaransa, mradi wazazi waelezwe hali mapema, kwa lugha wanayoielewa, na wasiletewe uamuzi uliokwisha kupitishwa.