Olympus E-M10 Mark II: uzoefu wangu wa kuchagua kamera ndogo ya kubadilisha lenzi

Anayetaka kamera ndogo kwa kawaida huanza na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Analinganisha megapikseli, anaangalia umbo, anauliza bei, kisha lenzi anaiachia siku za mbele. Lakini unachobeba begani ni bodi na lenzi pamoja, na ziko bodi zinazotosha kiganjani ambazo lenzi yake nzuri ina unene wa chupa ya maji. Nimetumia E-M10 Mark II kwa miaka kadhaa, Dar es Salaam na Zanzibar, na kama ningenunua upya leo ningeanza palepale nilipoanzia: kwenye lenzi.

Hesabu ya uzito ndiyo iliyonishawishi. Bodi ikiwa na betri na memori kadi ina gramu 390. Lenzi ndogo ya kuvuta ya 14-42mm EZ ina gramu 93, ya 25mm f/1.8 gramu 137, na ya 45mm f/1.8 gramu 116 (f/ ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Jumla ni gramu 736, chini ya robo tatu ya kilo kwa seti nzima. Lenzi moja ya Canon EF 24-70mm f/2.8L II, bila kamera yake, ina gramu 805. Tofauti hiyo huioni ukiwa dukani, unaiona saa nane mchana ukiwa bado unatembea.

Udogo huu unatokana na sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga badala ya filamu. Mdomo wa kamera hii, pale lenzi inapofungwa, ni wa Micro Four Thirds, mfumo uliotangazwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008, na sensa yake ina milimita 17.3 kwa 13. Ile wanayoiita ful fremu ina 36 kwa 24. Sensa ikiwa ndogo, lenzi nayo haihitaji kuwa kubwa ili kuijaza picha. Namba za lenzi unazizidisha kwa 2 kupata upana wa picha uliozoeleka: 25mm inaona kama 50mm, 45mm kama 90mm, na 17mm kama 34mm.

Hapo pana jambo linalowachanganya wengi. Wengine husema f/1.8 ya mfumo huu "si f/1.8 ya kweli". Kwa mwanga ni ya kweli kabisa: ukiweka f/1.8, ISO 800 (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) na shata 1/125 (sehemu ya sekunde ambayo sensa inapokea mwanga), picha inatoka na mwanga uleule kama kamera kubwa yenye namba hizohizo. Kinachobadilika ni ukungu wa nyuma ya mtu. Kwa upana uleule wa picha, f/1.8 hapa inatia ukungu kama f/3.6 ya ful fremu. Kama unachokipenda ni sura kali na nyuma kuyeyuka kabisa, utaikosa raha hiyo kwa lenzi za bei ya kawaida, na ni heri ulijue kabla hujatoa pesa.

Nguvu ya bodi yenyewe ni kitulizaji mtikisiko kilichomo ndani, kinachosogeza sensa kwa mihimili mitano. Kwa kuwa kimo kwenye bodi, kila lenzi inafaidika, hata kuukuu isiyo na umeme. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe jioni, nikiwa na 17mm, napiga kwa 1/15 bila stendi na mlango wa mbao unatoka na nakshi zake zote. Lakini kinatuliza mkono wako tu, hakimtulizi mtu anayetembea. Mtu aliyesimama akizungumza anataka angalau 1/125, mtoto anayecheza 1/250 au zaidi. Ukiona ukuta umetoka safi na sura imevurugika, kitulizaji kimefanya kazi yake, kasi ya shata ndiyo iliyokuwa ndogo.

Kitu kimoja nakibadilisha mara tu ninapoishika bodi ya aina hii. Shata ya chuma inapofunguka hutikisa bodi nyepesi kidogo, na kati ya 1/60 na 1/250 unaweza kupata picha yenye mistari iliyojirudia, kama mtu aliyeona vitu viwiliviwili. Mwenye kamera hudhani lenzi haina ubora. Dawa ipo ndani: bonyeza kitufe cha namna ya upigaji, chagua alama ya picha moja iliyoambatana na almasi ndogo. Hapo shata inaanza kwa umeme na mtikisiko unakwisha. Naiacha hapo siku zote.

Kwenye kitufe hichohicho kuna alama ya moyo, ndiyo shata ya kimya. Inafaa sana kwenye hitima au akidi ya nikahi, ambapo mlio wa kamera ni utovu wa adabu. Tatizo lake ni taa. Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo taa nyingi za tyubu na za LED za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya kimya inasoma sensa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, ikikutana na taa zinazopepesa unapata mikanda ya giza na mwanga kama shuka la mistari. Weka 1/50 au 1/100 na mara nyingi mikanda itaondoka. Isipoondoka, rudi kwenye almasi. Piga picha mbili za majaribio kabla shughuli haijaanza, kwa sababu ukija kuigundua nyumbani huna la kufanya.

Kuhusu kanzu nyeupe na ngozi nyeusi, hapa ndipo kamera hizi zote zinapokosea, na sababu ni moja. Kamera inadhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Sura nyeusi ikijaza picha, inaongeza mwanga kupita kiasi, na ngozi inatoka imepauka; kwenye kipimo cha +/- cha kurekebisha mwanga, punguza kwa -0.3 hadi -0.7. Mistari mitatu ya wanaume wenye kanzu ikijaza picha, inapunguza, na sura zinazama gizani. Ongeza kama +0.7. E-M10 ina msaada mzuri: washa onyesho la mwanga uliozidi, na sehemu zilizoungua zitawaka rangi nyekundu, zilizozama zitawaka buluu. Mimi huongeza mwanga hadi wekundu uanze kugusa bega la kanzu, kisha narudi nyuma hatua moja ya theluthi. Napiga RAW, yaani faili ghafi isiyochakatwa na kamera, nyumbani nainua sura kidogo. Kanzu iliyoungua hairudi, hata uwe na programu gani.

Lenzi ya kuanzia, ile ya 14-42mm, ni nzuri kwa mchana na kwa safari. Inapofika 42mm tundu lake ni f/5.6. Lenzi ya 45mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo, yaani mahali ambapo ile ingehitaji ISO 6400, hii inatosheka na kama 640. Kwa sensa hii naridhika hadi 1600, na 3200 nakubali kwa RAW. Ndiyo maana naona lenzi ya pili ni lazima. Ukiwa na pesa ya moja tu, chukua 25mm. Ukipiga sura za watu kuliko vingine, 45mm, na hiyo kwangu ndiyo lenzi inayostahili bei yake kuliko zote za mfumo huu.

Lenzi kuukuu za enzi ya filamu, kama zenye mdomo wa M42 au Canon FD, zinaingia kwa adapta ya bomba tupu la chuma. Inawezekana kwa sababu kwenye Micro Four Thirds umbali kutoka mdomo hadi sensa ni takriban milimita 20 tu, wakati kamera zenye kioo ndani ziliuacha wa takriban milimita 40 na kuendelea. Fokasi utazungusha kwa mkono. Usisahau kuingiza namba ya mm ya lenzi kwenye menyu ya kitulizaji: lenzi haina umeme, bodi haijui ni 50mm au 135mm, na ukiiacha na namba isiyo sahihi kitulizaji kinaharibu picha badala ya kuitengeneza.

Sasa ambako haifai. Fokasi yake inatafuta ukali kwa kwenda na kurudi, haina zile nukta za kwenye sensa zinazopima umbali. Kwa kitu kilichotulia ni ya haraka sana. Kwa mchezaji wa mpira anayekuja mbio kwako, inamkosa. Anayepiga michezo aangalie Sony a6000 ya mwaka 2014: ina megapikseli 24, nukta 179 za kufuatilia, picha 11 kwa sekunde, na bodi ya gramu 344. Lakini haina kitulizaji ndani, skrini haiguswi, na lenzi angavu zinazoifaa ni nzito zaidi. Sigma 56mm f/1.4 ni gramu 280, ingawa inaingiza mwanga kuliko 45mm yangu.

Kwa video pia si chaguo langu. Inaishia 1080p na haina tundu la maikrofoni. Mark III ya mwaka 2017 iliongeza 4K, na Mark IV ya mwaka 2020 ikaja na megapikseli 20, lakini tundu la maikrofoni halikuja. Anayetengeneza vipindi vya YouTube huvutiwa na Canon M50, yenye tundu hilo na skrini ya kugeuka. Ni kamera nzuri, ila mdomo wake wa EF-M ulisimamishwa mwaka 2023, na lenzi zake haziingii kwenye bodi mpya za Canon zenye mdomo wa RF hata kwa adapta. Inunue kama unajua hutapanda ngazi baadaye.

Megapikseli 16 zisikutishe. Picha ina pikseli 4608 kwa 3456. Kwa nukta 300 kwa inchi inatoa chapa ya takriban sentimita 39 kwa 29, zaidi ya A4. Kwa albamu na kwa simu inatosha na kubaki.

Betri ni BLS-50, na kipimo rasmi ni picha 320. Mark II haichaji kwa waya wa USB, kwa hiyo chaja unaibeba, na kwa siku nzima ya shughuli uwe na betri tatu. Betri halisi ina takriban mAh 1,200. Ukiona ya kampuni nyingine, ya ukubwa uleule, imeandikwa 2,000, muuzaji anakudanganya.

Bodi hii sasa inapatikana iliyotumika, na hapo macho yawe makali. Nenda na memori kadi yako na tochi ya simu. Toa lenzi, fungua tundu lake lote, iangalie kwa tochi kutoka nyuma kwa mshazari. Vumbi chembe chache si neno. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui, mara nyingi kutoka ukingoni: hiyo ni kuvu, na usiinunue hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu ikikaa sana inakula utando wa kioo na fundi akiisafisha alama inabaki. Kisha rudisha lenzi, weka f/16, elekeza ukuta mweupe au mbingu, piga, ivute picha hadi asilimia 100. Madoa ya kijivu ni vumbi kwenye sensa na husafishika. Mkwaruzo mrefu hausafishiki. Vitone vyenye rangi kali, vyekundu au vya buluu, ni pikseli mbovu, na kwenye menyu kuna ramani ya pikseli inayoziondoa. Iache kamera ipumzike kidogo kabla ya kuiendesha ramani hiyo. Zungusha magurudumu yote mawili taratibu ukitazama namba: zikiruka au zikirudi nyuma, swichi za ndani zimechakaa. Bonyeza shata nusu na usikilize, kitulizaji kina mvumo mdogo wa kudumu. Kikigonga au picha ikitetemeka kwenye skrini, achana nayo.

Kwa sisi wa pwani kuvu ndiyo adui mkubwa kuliko kuanguka. Begi la ngozi lililofungwa kabatini ni shamba lake. Natumia kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mpira kwenye mfuniko, ndani nimeweka kipimo kidogo cha unyevu na chembe za silika jeli za kunyonya unyevu, za rangi ya chungwa. Unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Zile chembe zikigeuka kijani zimeshiba, zikaushe kwenye oveni kwa joto lisilozidi nyuzi 120 hadi zirudie rangi yake. Mchele haufai, una vumbi na haunyonyi vya kutosha. Ukitoka kwenye chumba chenye AC kwenda nje, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 hadi 30. Ukiitoa mara moja kioo kitaingia mvuke, na mvuke huo huo ukiingia ndani ya lenzi ndio unaoiotesha kuvu. Usibadilishe lenzi wakati bado imejaa ukungu.

Bodi hii haina mipira ya kuzuia maji wala vumbi. Ukirudi kutoka baharini ifute kwa kitambaa kilicholowana kidogo maji ya bomba, kisha kikavu, ukianzia pale pete ya lenzi inapokutana na mdomo. Chumvi hujikusanya hapo, na huanza kama unga mweupe mwembamba unaoonekana tu ukiuelekeza kwenye mwanga.