Seva ya Muziki ya Daraja la Juu: Ipi Uitangulize, Ipi Uiache

Cheza rekodi ya piano peke yake usiku, watu wote wakiwa wamelala. Ngoja noti ya mwisho. Nyundo imeshagonga uzi, mpigaji bado amekanyaga pedali, na sauti inazama polepole kwa sekunde nane au kumi hadi chumba kimeze kilichobaki. Hapo ndipo nilipoisikia feni ya seva yangu ya kwanza. Ilikuwa inavuma chini ya rafu muda wote wa wimbo, na sikuwa nimeitambua mpaka muziki ulipopungua. Boksi lake liliandikwa namba nzuri za biti na kilohezi, vipimo vya ubora wa faili za sauti, ila hakuna mahali palipoandikwa kwamba itanivumia kila wimbo unapofifia. Sikukaa nayo mwaka.

Naanza na feni kwa sababu wanunuzi wengi huanza na namba, na kwenye seva namba ndizo zinazotofautisha mashine kwa uchache kabisa. Karibu kila seva inayouzwa leo inacheza faili za biti 24 na kilohezi 192, na nyingi zinacheza pia DSD, fomati nyingine ya sauti ya daraja la juu. CD yenyewe, tangu 1982, ni biti 16 na kilohezi 44.1, na sehemu kubwa ya muziki tunaoupenda uko hapo hapo.

Kazi ya seva ni kutunza faili, kuzipanga, na kuzipeleka kwenye DAC. DAC ndiyo inayogeuza namba kuwa mawimbi ya umeme, kisha amplifaya na spika zinamalizia. Faili ikipita kwenye mtandao wa nyumbani, pakiti iliyopotea hutumwa upya. Ikipita kwenye USB ya DAC za kisasa, saa iliyomo ndani ya DAC ndiyo inayoamuru mwendo, siyo saa ya kompyuta. Kwa hiyo namba zinafika kama zilivyotoka. Kinachoweza kupanda gari moja nazo ni uchafu wa umeme: kelele za pawa saplai na za prosesa zinazosafiri kwenye waya wa ardhi wa kebo ya USB na kuingia upande wa analogia wa DAC. Hilo ni tatizo la kweli, na tiba yake siyo lazima iwe ghali. Milango ya Ethernet, yaani ya waya wa mtandao, ina transfoma ndogo zinazotenganisha umeme wa pande mbili, na waya wa faiba haupitishi umeme hata kidogo.

Ukitaka kujua kama tatizo hilo linakuhusu, fanya hivi kabla ya kununua chochote. Cheza albamu ya CD kutoka kwenye kompyuta yoyote yenye mlango wa optiki ukipitisha USB, kisha ucheze hiyo hiyo ukipitisha mlango huo wa optiki, ambao hubeba mwanga tu. Muombe mtu akubadilishie bila kukuambia upo wapi. Ukishindwa kutofautisha, DAC yako inajikinga vizuri, na pesa uliyopanga kutoa kwa ajili ya seva yenye pawa saplai ya kifahari ina kazi bora kwingine. Kwa maoni yangu, kwanza spika.

Sasa kwa nini basi mtu anunue seva nzuri? Kwa sababu ya programu. Utaigusa kila siku, kwa miaka. Casing ya alumini iliyochongwa vizuri utaitazama wiki ya kwanza. Programu inayochelewa sekunde nne kufungua albamu itakuudhi mpaka uache kusikiliza.

Mfano mmoja unatosha kuipima. Herbert von Karajan, kiongozi wa okestra, alirekodi simfoni zote tisa za Beethoven na Berlin Philharmonic mara tatu, miaka ya 1960, ya 1970 na ya 1980. Mtunzi ni yule yule, kiongozi yule yule, okestra ile ile, majina ya nyimbo yale yale. Weka mikusanyo miwili kati ya hiyo kwenye seva, kisha utafute sehemu ya pili ya simfoni ya tano. Programu dhaifu itakuonyesha safu ya “Andante con moto” zisizo na tofauti, au itachanganya albamu mbili ziwe moja. Programu nzuri inajua kwamba mtunzi siyo msanii, kwamba kazi moja ina rekodi nyingi, na inakuwekea kila rekodi na mwaka wake. Mwenye jazi naye ana lake: anataka kubonyeza jina la mpiga besi na kuona kila albamu aliyoshiriki, hata ile ambayo jina lake halimo kwenye jalada.

Kingine ni pengo kati ya nyimbo. Rekodi za matamasha, opera na albamu nyingi zilizochanganywa mfululizo hazina ukimya katikati. Wimbo mmoja unamwagikia mwingine. Seva isiyoweza kuunganisha inakata makofi ya watu kwa nusu sekunde, kisha inayarudisha. Ni kosa dogo kwenye karatasi, ila kwenye sikio haliwezekani kuvumilika.

Baada ya kuishi na aina zote za seva nitakazozitaja, ninazipanga hivi, iliyo bora ikitangulia.

Ya kwanza: vipande viwili vilivyotengana

Kompyuta ndogo inakaa chumba kingine, karibu na rauta, ikiwa na muziki wote na programu ya seva. Kwenye chumba cha kusikilizia kuna kipokezi kidogo tu, kisicho na feni wala diski, kinachopokea muziki kwa waya wa Ethernet na kuukabidhi kwa DAC. Umbali unafanya kazi ambayo watengenezaji wengine wanaitoza pesa nyingi. Prosesa ichemke, diski izunguke, feni ivume, wewe husikii, na umeme wake haugusi DAC yako.

Upande wa programu, Roon ndiyo inayoongoza kwa utajiri wa maelezo. Waanzilishi wake ndio waliotengeneza Sooloos, mfumo ulionunuliwa na Meridian ya Uingereza 2008. Roon yenyewe ilitoka 2015, na tangu 2023 iko chini ya Harman. Inaunganisha faili zako na huduma za utiririshaji za Qobuz na Tidal kana kwamba ni maktaba moja. Leseni hulipiwa kwa mwezi, kwa mwaka, au mara moja kwa maisha. Unaweza kuiweka kwenye kompyuta ndogo ya NUC kupitia mfumo wao wa ROCK, au kununua Nucleus, mashine yao wenyewe. Hakikisha mfumo na kanzidata vinakaa kwenye SSD, diski isiyozunguka; muziki wenyewe unaweza kukaa kwenye diski ya kawaida.

Asiyetaka kulipia programu ana Lyrion, na hii naipenda kwa sababu ya historia yake. Ilianza kama programu ya vichezaji vya Slim Devices, watengenezaji wa Squeezebox, kampuni iliyonunuliwa na Logitech 2006. Logitech ikaviacha 2012. Lakini programu ilikuwa ya chanzo huria, watumiaji wakaishika wenyewe, na mpaka leo Squeezebox za zamani zinaimba. Sura yake ni ya kizamani kidogo, na kuipanga kunataka subira ya jioni mbili tatu.

Kipokezi kinaweza kuwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya moOde, Volumio au Ropieee, au kifaa kilichokamilika zaidi kama vile vya Lumin visivyo na DAC ndani. Nimeishi na Pi kwa muda mrefu na sijawahi kuionea aibu. Kama unapenda kuongeza sampuli hadi DSD ya juu kwa programu ya HQPlayer, mpango huu wa vipande viwili ni wa lazima kwako, kwa sababu kazi hiyo inataka prosesa kubwa, na prosesa kubwa inataka kupozwa.

Ya pili: seva iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu

Hapa ndipo wanapokaa Innuos ya Ureno, Aurender ya Korea Kusini, Melco ya Japani na Antipodes ya New Zealand. Ndizo mashine za watu wanaotaka boksi moja, zuri, lisilo na kelele, na wasitake kugusa kompyuta tena maishani. Hilo ni hitaji la heshima, na zinalitimiza.

Kila moja ina akili yake. Aurender hupakia wimbo kwenye SSD kabla ya kuucheza, ili diski kubwa zilale wakati unasikiliza. Programu yake ya simu, Conductor, iko haraka hata maktaba ikiwa kubwa. Baadhi ya mashine za Innuos zinapokea CD na kuinakili zenyewe, pamoja na jalada na majina. Melco, iliyoanzishwa 1975 ikitengeneza vifaa vya sauti kabla ya kuzaa Buffalo ya diski za kompyuta, inatoa mlango wa Ethernet uliotengwa kwa ajili ya kichezaji pekee, ili msongamano wa mtandao wa nyumba usikifikie.

Kwa nini basi siziweki juu? Kwa sababu kadiri unavyopanda ndani ya familia hizi unalipia zaidi pawa saplai, casing na saa za ndani, ilhali programu inabaki ile ile. Modeli ya chini au ya kati ya jamii hii ni ununuzi mzuri sana. Ile ya juu kabisa isikilize wiki nzima nyumbani kwako, kwa DAC yako, bila kuona ni ipi inayocheza.

Ya tatu: yote ndani ya boksi moja

Seva, DAC, pengine na amplifaya, chini ya kifuniko kimoja. Linn ilionyesha njia kwa Klimax DS 2007, kisha 2009 ikatangaza kuacha kutengeneza vichezaji vya CD, jambo lililowashtua wengi wakati huo. Leo Naim, Bluesound na wengine wanafanya vizuri sana hapa. Waya ni chache, na kila kitu kimepimwa pamoja kiwandani. Tatizo ni umri. Spika hudumu miaka 20, DAC 10, programu ya utiririshaji huchakaa mapema kuliko zote, na humu umevifunga pamoja.

Nembo za fomati nazo zisikuvute. Kuna watu walichagua mashine kwa sababu ilikuwa na nembo ya MQA, fomati ya faili za muziki. Kampuni ya MQA iliingia chini ya wasimamizi wa ufilisi 2023, na Julai 2024 Tidal ikaiondoa fomati hiyo na kubaki na FLAC, fomati inayobana faili bila kupoteza kitu. FLAC ipo tangu 2001, ni huria, na haimdai mtu ada.

Ya nne: NAS, na ya mwisho: laptopu

NAS, yaani boksi la diski linalokaa kwenye mtandao wa nyumba, ya Synology au QNAP ni ghala zuri na seva ya kadiri. Ikiwa na programu ya MinimServer inapanga muziki vizuri kuliko inavyodhaniwa. Iweke mbali, maana diski zake zinakwaruza. Laptopu iliyochomekwa USB moja kwa moja nisingeiita seva. Itumie kwa majaribio tu.

Nafasi na nakala

Albamu ya CD kwenye FLAC huchukua takribani megabaiti 300, hivyo terabaiti moja inabeba albamu kama 3,000. Ya biti 24 na kilohezi 192 inaweza kupita gigabaiti 2, na DSD64 ya stereo ni kama gigabaiti 2.5 kwa saa. Terabaiti 4 zinawatosha watu wengi.

Lakini diski hufa. Yangu ilikufa asubuhi ya Jumapili, ikipiga “tik, tik, tik” kama saa mbovu, ikiwa na CD zaidi ya 1,100 nilizonakili kwa mikono yangu. Mashine ilikuwa na diski mbili, moja ikiiga nyingine muda wote kama kioo, nami nilidhani hiyo ndiyo nakala. Siyo. Hitilafu ya umeme ilizipata zote mbili kwa pamoja, kama ambavyo ungefuta folda kwa bahati mbaya na ikafutika pande zote. Nilirudia kazi kwa miezi mitano, CD moja kila nilipopita karibu na kompyuta, nikihakiki kila moja kwa AccurateRip, ambayo hulinganisha nakala yako na za watu wengine duniani. Sasa nina diski ya nje inayokaa nyumba nyingine. Seva isiyokuwezesha kunakili maktaba nzima kwenda diski ya nje kwa kubonyeza mara moja, ipite.

Siku ya kuijaribu

Beba flashi yenye vitu vitatu: rekodi ya tamasha isiyo na ukimya kati ya nyimbo, mikusanyo miwili inayofanana majina kama ile ya Karajan, na faili moja ya DSD. Sikiliza kiungo kati ya wimbo wa pili na wa tatu wa tamasha. Tafuta simfoni kwa jina la kiongozi. Weka sikio kwenye boksi lenyewe, sentimita chache, huku muziki umesimamishwa.

Kisha mwombe muuzaji achomoe waya wa intaneti, aache mtandao wa ndani tu. Cheza albamu iliyo kwenye diski. Mashine nyingine huganda hapo hapo, nyingine hupoteza majalada, nyingine husubiri dakika nzima kabla ya kutoa sauti. Kaa hadi albamu iishe, na kama imefika wimbo wa mwisho bila kukwama, hapo anza kuzungumza bei.