Kamera za CCTV za nyumbani: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la kamera Kariakoo muuzaji anaanza na megapikseli, anakuwashia skrini ya 4K pale unaona mpaka sisimizi, unatoa hela. Mi nakwambia kabla ya megapikseli uliza mawili tu, picha zinakaa wapi na kamera itakuwa inamuona nani. Orodha hii nimeipanga kwa hayo mawili.

Namba moja ni seti ya waya yenye DVR au NVR, yaani kile kiboksi kinachorekodi picha za kamera zote. Kama nyumba ni yako chukua hii usijiulize sana. Picha zinakaa kwenye hard disk humo humo ndani, intaneti ikikata inaendelea kurekodi, na bando halitumiki mpaka uchungulie kwa simu ukiwa mbali. Kamera ya 1080p ikirekodi muda wote kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula kama GB 21 kwa siku, kwahiyo kamera nne na disk ya TB 1 unapata siku kumi na moja hivi kabla hazijaanza kufutika za zamani, na kwa nyumba ya kawaida inatosha kabisa. Hela uliyotaka kuongeza kwenye disk nunua UPS, ile betri ya akiba, maana umeme ukikatika bila UPS huna kamera. Na DVR usiiweke sebuleni chini ya TV jamani, mwizi anabeba TV na ushahidi wake kwa mkupuo mmoja, iweke chumbani kwenye kabati linalopitisha hewa.

Namba mbili, kamera ya wifi ya memori kadi. Hii ni ya mpangaji, unahama nayo. Tafuta ile inayorekodi kwenye kadi bila kukulazimisha kulipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi, maana hiyo hifadhi ni picha za kwako kukaa kwenye seva ya kampuni usiyoijua. Nyingi zinatumia wifi ya 2.4 GHz, ambayo ndo inapenya ukuta vizuri, na ya kukaa nje iwe na alama ya IP66 au zaidi, yaani vumbi na maji ya mvua haviingii.

Namba tatu, ya sola na laini ya 4G. Kwa kiwanja, shamba, banda la kuku, sehemu haina umeme wala wifi. Nyingi zinalala mpaka mtu apite ili kutunza betri, kwahiyo usishangae video inaanza mtu ashafika katikati ya uwanja.

Ya mwisho kabisa kwangu ni ya balbu, kamera iliyofichwa ndani ya balbu ya taa. Mtu akizima swichi ya taa na kamera imekufa, hilo moja. La pili ndo linaniuma zaidi, mgeni anakaa chini yake anajua ni taa. Kumrekodi mtu bila yeye kujua kwenye nyumba aliyokaribishwa sio ulinzi.

Na sheria ipo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023 na ina Tume yake, Kenya wana yao ya 2019 na Kamishna wake. Ya Kenya inaacha nje matumizi ya nyumbani tu, lakini kamera yako ikishaanza kuangalia dirisha la jirani utetezi wa kwamba ni mambo ya nyumbani unakuwa mgumu. Kwahiyo ielekeze getini na kwenye ukuta wako, na kama kona ya jirani bado inaingia, kwenye setingi za kamera nyingi kuna sehemu ya kuziba eneo kwa kiboksi cheusi, tumia. Zima kurekodi sauti pia. Nyumba za uani wa pamoja ndo muwe makini zaidi, bafu na choo viko nje, watu wanapita na khanga moja, hiyo njia isionekane kabisa. Dada wa kazi mwambie kamera ziko wapi, na chumba anacholala usiweke hata kama mtoto analala naye.

Paswedi ya kiwandani badilisha siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na DVR kwa malaki duniani kwa kujaribu tu paswedi zilizotoka nazo kiwandani.

Halafu fundi. Wengi wanafungua akaunti kwa simu yao na namba yao eti ili kukurahisishia, wanakuunganisha wewe kama mgeni, yaani mwenye nyumba ni yeye. Akaunti ifunguliwe kwa simu yako, paswedi uandike wewe, na akimaliza kazi ingia sehemu ya watumiaji kwenye apu na kwenye DVR yenyewe, jina usilolijua lifute hapo hapo kabla hujamlipa ile hela iliyobaki.