Gita langu sasa linapita kwenye moduli za sintesaiza badala ya pedali: uzoefu wangu wa miezi nane

Kila nikipiga studio kuna mtu ataniuliza ile sauti ya gita inayofunguka na kufumba kama mdomo natumia pedali gani. Jibu ni kwamba sio pedali, gita linaingia kwenye boksi la moduli za sintesaiza, zile za Eurorack (vipande vidogo vya sintesaiza unavyovifunga kwenye boksi moja na kuviunganisha kwa waya), na ngoja nieleze vizuri maana nilivyoanza sikupata mtu wa kunielekeza kwa Kiswahili nikajifunza kwa kuumia.

Boksi langu ni la HP 84 (HP ni kipimo cha upana) na ndani nina moduli nne tu: Doepfer A-119 ya kuingizia gita, filta ya A-124 ya Doepfer haohao (filta inakata sehemu ya sauti), Maths ya Make Noise (inatengeneza na kubadilisha volti, unaweka muda wa kupanda na wa kushuka), na Clouds (inakata sauti vipande vidogovidogo na kuvirudisha). Hiyo Clouds sio ya Mutable Instruments wenyewe, wao waliacha kuitengeneza 2017, ila mchoro wake waliuacha wazi kwa hiyo watu wengine wanazitengeneza mpaka leo, yangu ni mojawapo.

Kilichonifanya niipende hii njia ni A-119. Inafanya vitu vitatu kwa wakati mmoja: inakuza sauti ya gita ifike kiwango cha sintesaiza (gita mara nyingi halifiki hata volti moja, wakati moduli zinaongea kwenye volti 10 hivi kutoka chini mpaka juu), halafu inatoa volti inayopanda na kushuka kadri unavyochapa nyuzi, halafu inatoa geti, yaani ishara ya washa-zima kila sauti inapovuka kiwango ulichoweka. Sasa hiyo volti ya nguvu ya mkono unaipeleka unakotaka wewe. Ukiipeleka kwenye filta, ukichapa kwa nguvu filta inafunguka, ukigusa taratibu inabaki imefumba na sauti inakuwa nzito, ya ndani. Najua utasema hiyo si ni kama pedali ya oto-wah, ni kweli, ila kwenye pedali volti hiyo imefungiwa ndani, haiendi popote zaidi ya pale alipoamua fundi wa kiwandani. Mimi naigeuza juu chini kwenye Maths ili nikichapa kwa nguvu filta ifumbe badala ya kufunguka, au naipeleka Clouds ili vipande vya sauti viongezeke pale tu ninapokaza mkono. Mkono wangu wa kulia umeanza kufanya kazi ambayo haukuwahi kufanya miaka yote niliyopiga.

Ila kwenye sebene ilinisumbua sana. Ukipiga zile noti za harakaharaka za gita la solo, noti moja haijaisha nyingine imeshaingia, kwa hiyo ile volti haipati muda wa kushuka, filta inabaki imefunguka wakati wote kama vile hujaunganisha kitu. Nilikaa wiki nzima nafikiri moduli ni mbovu. Dawa niliyoipata: kiwango cha geti nikakipandisha mpaka ile taa ndogo iwe inawaka kwenye zile noti ninazozikazia tu, geti nikalipeleka kwenye Maths chaneli ya 1, kupanda nikaweka sifuri, kushuka nikaweka kufupi sana, na kiganja nikakilaza kidogo kwenye nyuzi karibu na daraja ili kila noti ife mapema. Hapo ndo filta ikaanza kucheza kwenye mdundo, twa, twa, twa, na sehemu ya pili ya gita ikasikika ndani ya gita lilelile.

Mambo ya kuangalia sasa. Gita lenye pikapu za kawaida (zile sumaku zinazodaka sauti ya nyuzi) linataka kuingia kwenye kitu chenye ukinzani wa kama megaomu 1, na moduli nyingi zina kilo-omu 100 tu, ukichomeka moja kwa moja ile makali ya juu inapotea gita linasikika kama limefunikwa blanketi. Mi naanza na Boss TU-3 kwanza, ile pedali ya kupimia nyuzi kama ziko sawa (tyuna), ina bafa ndani, yaani sakiti inayopokea gita bila kupoteza makali, tatizo likaisha. Wakati wa kutoka ni kinyume chake, sauti imeshakuwa kubwa mno kwa ampu, naipitisha Maths chaneli ya 2 naishusha pale. Na ule waya bapa wa umeme, mstari mwekundu ndio upande wa hasi volti 12, angalieni mara mbili kabla ya kuwasha kwa sababu ukigeuza unaweza kuunguza moduli.

Kelele pia ipo. Pawa saplai ya kwanza nilinunua kwa mtu mtandaoni, imetumika, ikawa na mngurumo usiovumilika nikaishia kununua nyingine. Na gita la pikapu za koili moja ukikaa karibu na boksi linadaka mvumo, nasogea hatua mbili unapungua.

Kama bei inakutisha (bei ya Maths peke yake unapata pedali mbili za Boss), sintesaiza ya Korg MS-20 mini ina sehemu ya kuingizia sauti ya nje tayari, kama ile ya kwanza ya 1978, gita linaendesha filta zake na hata noti zake ukipiga noti mojamoja kwa usafi.

Harusini siendi nalo, pale hakuna muda wa kuchomoa na kuchomeka waya, naenda na pedali zangu tatu. Studio na nyumbani ndo kazi yake. Ningeanza upya ningenunua A-119 na Maths siku ya kwanza pamoja na filta yoyote, Clouds ningeisubirisha mpaka mkono wa kulia uzoee.