Blu-ray, 4K au DVD kwa TV ya zamani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa hela ya diski ya 4K, geuza TV yako uangalie mgongoni. Ukikuta matundu ya njano, nyekundu na nyeupe tu, bila HDMI, nunua DVD na hela inayobaki ifanyie jambo lingine. Ukikuta HDMI, endelea kusoma. Hapo ndipo wengi hukosea: mmoja ananunua 4K ambayo TV yake haiwezi kuionyesha, mwingine anang'ang'ania DVD wakati TV yake ina uwezo wa kutoa picha safi kuliko hiyo.

Kwa TV ya zamani yenye HDMI, diski ya kununua ni Blu-ray ya kawaida. Hatua kubwa iko kati ya DVD na Blu-ray. Ukitoka Blu-ray kwenda 4K kwenye TV hiyohiyo, mara nyingi unapata kidogo sana, na wakati mwingine picha inarudi nyuma.

Ijue TV yako kwanza

TV za zamani si za aina moja. Kuna chogo. Kuna bapa za HD Ready, ambazo nyingi zina pikseli 1366 kwa 768. Kuna Full HD, 1920 kwa 1080. Na kuna 4K za mwanzo, za 2013 na 2014, ambazo zina matatizo yao.

Usidanganywe na kitufe cha INFO kwenye rimoti. TV ya HD Ready hupokea mawimbi ya 1080i, na nyingi hupokea 1080p, kwa hiyo itakuandikia "1080" juu ya kioo ilhali kioo chenyewe kina mistari 768. INFO inasema kinachoingia tu. Soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma, itafute mtandaoni, na uangalie idadi ya pikseli za kioo.

Kilichomo ndani ya diski

VCD, ambazo filamu nyingi za Bongo zilitoka nazo, zina pikseli 352 kwa 288. DVD ya mfumo wetu wa PAL ina 720 kwa 576. Blu-ray ina 1920 kwa 1080, yaani pikseli mara tano ya DVD. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, mara nne ya Blu-ray.

Watu hutazama namba hizo wakasahau kubana, yaani kupunguza data ya picha ili ienee kwenye diski, na kubana ndiko kunakoonekana zaidi. Picha ya DVD haiwezi kuzidi megabiti 9.8 kwa sekunde. Ya Blu-ray hufika 40, tena kwa njia za kubana zilizo bora kuliko ile ya DVD. Kukija moshi, mvua au maji yanayochemka, DVD huishiwa nafasi na picha inakatika miraba midogomidogo, lakini Blu-ray inatulia. Ndiyo maana Blu-ray hupendeza hata kwenye HD Ready, TV isiyoweza kuonyesha pikseli zake zote. Na ndiyo maana ile diski ya mtaani yenye filamu kumi ndani ya gigabaiti 4.7 ni chenga tupu: kila filamu imepewa kama megabaiti 470 tu.

Kama una filamu moja katika DVD na Blu-ray, ruka moja kwa moja hadi majina ya mwisho. Kwenye DVD, tundu la herufi "e" linaziba, "rn" inasomeka kama "m", na mistari midogo inatetemeka inapopanda. Kwenye Blu-ray, jina la fundi taa wa mwisho kabisa linasomeka. Kisha tafuta mahali penye nguo ya vidoti au milia myembamba. DVD hufanya vidoti vicheze kana kwamba nguo inapumua.

Lipo na la mwendo. Filamu za sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. DVD ya PAL huzikimbiza kwa 25, hivyo filamu ya dakika 120 inaisha kwa dakika 115 hivi, na mara nyingi sauti za waigizaji zinapanda kidogo. Blu-ray huacha mwendo na sauti kama zilivyorekodiwa.

Umbali wa kochi

Chukua futi ya kupimia. Zidisha inchi za TV yako kwa sentimita 7.4: huo ndio umbali ambao jicho la kawaida huacha kutofautisha nukta za DVD. Zidisha kwa 4 upate wa Full HD, na kwa 2 upate wa 4K.

Kwa TV ya inchi 32, DVD inaishia mita 2.4 na Full HD mita 1.3. Ukikaa mita tatu, undani wa ziada wa Blu-ray unapotea machoni, unabaki na faida ya kubana kidogo na mwendo sahihi. Kwa inchi 40, mpaka wa DVD unasogea hadi karibu mita 3. Kwa inchi 55 ni mita 4.1, na hapo Blu-ray inaonekana wazi sebule nzima. Undani wa 4K kwenye kioo cha 4K cha inchi 55 unaanza kuonekana ukikaa chini ya mita 2.2. Sebule nyingi makochi yako mbali zaidi ya hapo.

1. Blu-ray ya kawaida

Hii ndiyo chaguo la kwanza kwa Full HD ya ukubwa wowote, na kwa HD Ready ya inchi 32 kwenda juu kama hukai mbali mno. Diski na TV zinalingana pikseli kwa pikseli kwenye Full HD, na rangi zimepangwa na waliotengeneza filamu kwa mwanga wa TV za aina yako. Deki zake zinapatikana mtumba kwa bei nafuu. PS3 na PS4 nazo zinazisoma.

Ujihadhari na Blu-ray za miaka ya mwanzo, 2006 hadi 2009 hivi. Baadhi zilitengenezwa kutoka nakala zilizoandaliwa kwa ajili ya DVD, zikiwa na kingo zilizonolewa kupita kiasi. Filamu ikiwa imetolewa upya baadaye kutoka mkanda wa asili, nunua hilo toleo jipya.

2. Boksi lenye 4K na Blu-ray pamoja

Kama una mpango wa kweli wa kubadili TV na tofauti ya bei ni ndogo, boksi hili ni ununuzi mzuri. Tazama Blu-ray leo, tunza 4K. Lakini soma mgongo wa boksi uhakikishe kuna diski mbili, maana siku hizi mengine yana 4K peke yake. Angalia pia kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imeruhusiwa kuchezwa. Diski ya 4K haifungwi kwa kanda, ila Blu-ray iliyo pembeni yake inaweza kufungwa, na boksi la Marekani linaweza kuja na Blu-ray ya kanda A ambayo deki yako itaikataa.

3. DVD halisi

Kwa chogo ni namba moja bila ubishi. Kwa bapa ya inchi 24 chumbani inatosha. Na kwa filamu za Bongo, au zile zilizotiwa sauti ya Kiswahili na madijei, usipoteze muda kusubiri Blu-ray. Chagua DVD halisi ya safu mbili, gigabaiti 8.5, yenye filamu moja.

Kuna wanaonunua deki ya Blu-ray na kibadilishi cha HDMI kwenda AV ili waiunganishe na chogo. Kinafanya kazi kama kimepewa umeme wake wa volti 5, lakini picha inashushwa hadi kiwango cha DVD kabla haijafika kwenye kioo, na maandishi ya menyu hayasomeki. Kutafuta deki ya Blu-ray yenye tundu la njano nako hakusaidii sana: kwa masharti ya leseni, zilizotengenezwa baada ya 2013 hazitoi picha ya Blu-ray ila kwa HDMI.

4. Diski ya 4K na deki ya 4K kwenye TV ya Full HD

Tumeiweka mwisho kwa sababu ya HDR, yaani picha iliyopangwa kwa mwanga mkali kuliko wa kawaida. Kupunguza pikseli kutoka 2160 hadi 1080 ni kazi nyepesi, deki inaiweza. Mwanga ndio mgogoro. Diski nyingi za 4K zimepangwa kwa TV zenye mwanga mkali, mara nyingi niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 1000 au zaidi, wakati kipimo cha picha za kawaida ni niti 100. Deki lazima iukandamize mwanga huo uingie kwenye TV yako. Chukua mtu ameketi usiku, kibatari kimoja mezani. Kwenye Blu-ray unaona shavu lililo upande wa giza na kola ya shati. Kwenye 4K iliyokandamizwa vibaya, mwali wa kibatari uko sawa, ila shavu limekuwa kivuli kimoja na ukuta, na rangi ya ngozi imepauka. Umelipa zaidi ukapata picha ya giza.

Baadhi ya deki za Panasonic, kama DP-UB420 na DP-UB820, zina kipimo cha kurekebisha mwanga huo wakati filamu inaendelea, na hapo matokeo huwa mazuri. Jambo lingine linaloweza kuitetea 4K ni pale Blu-ray ya filamu hiyo ilipotokana na nakala mbovu ya zamani na 4K ikachanganuliwa upya kutoka mkanda wa milimita 35. Kinyume chake, filamu nyingi za miaka ya 2000 na 2010 zilikamilishwa kwa kiwango cha 2K, kinachokaribiana na Full HD, kisha zikapanuliwa. Huko hakuna undani wa kuutafuta.

Wenye 4K za 2013 na 2014: deki itashuka hadi 1080 kama tundu la HDMI halina HDCP 2.2, yaani ulinzi wa kuzuia kunakili. Mara nyingi ni tundu moja tu lenye nayo, limeandikwa pembeni. TV za baadaye kidogo zina tundu hilo, lakini uwezo wake wa kupokea 4K kamili umezimwa kiwandani. Uwashe kwenye menyu: kwa Samsung tafuta "HDMI UHD Color", kwa LG "ULTRA HD Deep Colour", kwa Sony chagua "Enhanced".

Kununua deki

Soma kibandiko cha umeme. Inayosema 100–240V ni salama. Inayosema 120V pekee, ya Marekani, ukiichomeka kwenye umeme wetu inaungua papo hapo.

Kanda: kwa DVD, Afrika Mashariki ni 5, Oman na nchi za Ghuba pamoja na Ulaya ni 2, Marekani na Kanada ni 1. Kwa Blu-ray, sisi, Ghuba na Ulaya sote ni B. Kwa hiyo ndugu aliye Muscat au London anaweza kukutumia deki na Blu-ray bila wasiwasi, ila DVD zako za kanda 5 huenda deki hiyo isizisome. India ni 5 kwa DVD lakini C kwa Blu-ray, ingawa diski nyingi za Kihindi hutolewa bila kufungwa.

Ukitaka 4K, PS4 haisomi diski zake, hata ile ya Pro. PS5 yenye mdomo wa diski na Xbox Series X zinasoma. Xbox lazima kwanza ipakue programu ya Blu-ray kwa intaneti.

Kuseti, na yanayokwamisha

Kwa Full HD, weka deki 1080p na 24p (mwendo wa picha 24 kwa sekunde) iwe "Auto". Kwa HD Ready jaribu 1080i kisha 720p, ubaki na inayotulia. Halafu zima ukataji wa kingo: LG huita "Just Scan", Samsung "Screen Fit", Sony "Full Pixel". Usipofanya hivyo TV inaivuta picha na kukata pembeni, na ule ulinganifu wa pikseli uliolipia unapotea. Shusha na "Sharpness", kwani uliyoizoea ilikuwa ya kuficha udhaifu wa DVD. Waya wa HDMI wa kawaida wa High Speed unatosha.

Sabufa yenye waya nyekundu na nyeupe haina pa kuingia kwenye deki nyingi mpya. Toa sauti kwenye TV, kwenye tundu la "Audio Out" au la hedifoni.

Diski mpya ikikataliwa na deki ya zamani, mara nyingi deki inahitaji kusasishwa programu kwa sababu ya funguo za usalama. Tumia waya wa intaneti, au flashi iliyofomatiwa FAT32, na usizime umeme hadi imalize.

Sauti ikikatika dakika ya ishirini hivi, picha ikaendelea, na kioo kikaandika ujumbe wa Cinavia, alama ya siri ndani ya sauti inayofichua nakala, usimpelekee fundi sabufa. Diski ni nakala ya wizi na deki imeitambua.

Na mikwaruzo: ile kawaida ya kupaka dawa ya meno iachie DVD, ambayo data yake iko milimita 0.6 chini ya uso. Ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu, juu yake kuna ngao nyembamba, na dawa ya meno inaila hiyo ngao. Futa kwa kitambaa laini cha kusafishia miwani, kutoka katikati kwenda ukingoni. Diski za 4K za gigabaiti 100 zina safu tatu, na alama moja ya kidole chenye mafuta inatosha kuigandisha picha.